Nondo Kumi za Changanyikeni

Jumamosi ile, saa nne asubuhi, fundi nondo aliweka msumeno chini akasema nondo zimeisha. Nikamwambia haiwezekani.

Tulikuwa Changanyikeni, Dar es Salaam, mwaka 2009, tunajenga hosteli ya ghorofa tatu. Orodha ya vifaa niliiandaa mwenyewe, miezi minne tu tangu nitoke chuo. Nguzo 60 za sakafu ya chini, kila nguzo nondo sita za milimita 16, kila nondo mita 3.5 pamoja na kile kipande cha kupandiana na za juu. Jumla mita 1,260. Nondo nzima ni mita 12, kwa hiyo 105. Nikaongeza asilimia tano ya upotevu, ikaja 110 na robo, robo nikaisamehe. Zilipotoka madukani, mtaa wa Gerezani, nilisimama penye lori nikahesabu moja moja mpaka 110. Na sasa nguzo tano hazina hata nondo moja. Kwa hesabu yangu, na upotevu wake, hizo ni nondo tisa na kitu, nikazikamilisha kumi.

Siku hizo vijana wa chuma chakavu walikuwa wakipita na mikokoteni kutwa. Saiti ilikuwa na mlinzi mmoja, mzee wa Newala tuliyemwita Babu. Sikufikiri mara mbili. Nikampigia bosi nikamwambia nondo kumi zimeondoka.

Bosi alikuja, akafoka, na kabla ya adhuhuri Babu alikuwa hana kazi, wala hela yake ya wiki hakupewa. Alichukua tochi na redio yake ya betri. Aliponipita akasimama.

"Mwanangu, nondo ya mita kumi na mbili nimeibeba na nani?"

Nikajifanya nasoma faili.

Jumapili nilirudi ili nipige hesabu ya kuagiza nyingine. Nikamkuta fundi nondo peke yake, anakunja ringi za kufungia nondo za nguzo. Hakuninyamazia. Alivuta nondo moja ya milimita 12 iliyokuwa karibu, akailaza chini, akatoa futi na chaki. Mita tatu na nusu, alama. Mita tatu na nusu, alama. Mita tatu na nusu, alama. Kikabaki kipande cha mita moja na nusu. Akakigonga kwa kiatu.

"Hiki injinia utakisimamisha kwenye nguzo ya nani?"

Kisha akanipeleka nyuma ya stoo, akafunua bati lililooza. Vipande vimelala pale kama kuni, vya milimita 16, mita moja na nusu kila kimoja. Nikavihesabu nimechuchumaa juani: 104. Sita vilivyobaki nilivikuta vimepigiliwa ardhini, vimefungiwa kamba za vipimo. Jumla 110, kipande kimoja kwa kila nondo niliyoihesabu kwenye lori.

Nilikuwa nimegawanya nondo kama unga. Unga ukipungua kibaba hiki unajazia kutoka kile, nondo haijaziwi. Kila moja ilitoa vipande vitatu tu, kwa hiyo 360 vilihitaji nondo 120 tangu mwanzo. Upotevu wa kweli ulikuwa asilimia kumi na mbili na nusu ya kila nondo, na ulikuwa umeandikwa kwenye mchoro wangu mwenyewe, kwa yeyote ambaye angechukua futi kabla ya kalkuleta. Ile asilimia tano sikuipima popote. Niliikuta kwenye madaftari, nikaiweka kwenye kila mstari: nondo, saruji, mchanga, vigae, vyote.

Na vyote vilinisuta, kimoja baada ya kingine. Plasta kwenye karatasi ilikuwa milimita 12. Ukuta wa mashariki ulikuwa umepinda, fundi akajaza mpaka 25, saruji ikaenda maradufu bila mtu kugusa mfuko. Mchanga nao ukiwa na unyevu huvimba, kwa hiyo ile tripu ya lori ya masika, mchanga wake ukikauka, haifiki tripu uliyoilipia. Siku hizi sikadirii plasta kabla sijavuta kamba ukutani.

Jumatatu nilimweleza bosi. Alikaa kimya muda mrefu, akanihesabia hela ya wiki ya mzee, akasema nipeleke mwenyewe.

Nilimkuta Kimara, kwa binti yake, amekaa kwenye kigoda.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Polisi umewaacha wapi?"

Nikamweleza habari ya mita tatu na nusu ndani ya mita kumi na mbili. Nilichora mchangani kwa kidole. Alisikiliza mpaka mwisho, akahesabu hela mara mbili, akasema atarudi, ila kwa sharti.

Sharti lilikuwa daftari. Kila jioni kabla sijapanda daladala alinizungusha saiti nzima na tochi yake: nondo nzima, nusu, na vile vipande nyuma ya stoo ambavyo baadaye tulivilaza kwenye linta za milango. Mimi nahesabu, yeye anarudia kwa sauti. Mvua inyeshe, gari linipite, hakujali.

"Vipande tisini na nane. Tia sahihi, mwanangu. Na saa uandike."