Siku Shangazi aliponikalisha mbele ya tumba

Mwanangu wa mwisho kaniuliza kama kuna mtu aliyewahi kuuona mmea ukijongea kwa macho yake mwenyewe, si kwenye video iliyoharakishwa. Nikamwambia nipo mimi. Hakuniamini, na simlaumu.

Ilikuwa likizo niliyokaa kwa Shangazi. Alikuwa kapanda mmea wa kutambaa ambao Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliuita Ipomoea alba mwaka 1753, wa ukoo mmoja na kiazi kitamu. Mbegu zake zina ganda gumu kama kokoto, kwa hiyo alizikwaruza kwa msasa na kuziloweka usiku kucha. Zikaota, zikapanda kamba zikijisokota zote upande uleule, majani ya umbo la moyo yakafunika ukuta. Ukivunja shina, linatoa utomvu mweupe. (Wenyeji wa kale wa Mexico waliuchanganya na utomvu wa mti wa mpira wakapata mipira inayodunda. Hayo nimeyajua ukubwani. Shangazi alituambia tu tusiuguse.) Matumba yakaja. Mchana kutwa hakuna lililofunguka.

"Njoo ukae hapa," aliniambia jua likizama. "Na usiongee."

Tumba letu lilikuwa refu, limechongoka, limejikunja kwa msokoto hadi nchani. Nikalikodolea macho. Likatetemeka, na upepo haukuwepo. Msokoto ukaanza kulegea taratibu, mkunjo mmoja ukachomoka pembeni, kisha likasita. Lilisita kiasi kwamba nikataka kuinuka. Shangazi akanishika mkono bila kunitazama. Halafu lote likaachia kwa mkupuo. Petali zilizoungana zikatanuka zikawa duara jeupe, pana kuliko kiganja changu, lenye mistari mitano ya kijani hafifu iliyochora nyota katikati. Harufu ikatufikia baadaye kidogo, tamu, nzito. Tangu mkunjo wa kwanza ni suala la dakika chache tu, lakini mimi nilihisi nimezuia pumzi muda wote.

Giza lilipokolea akaja nondo mkubwa. Hakutua. Alielea hewani akapenyeza ulimi wake ndani ya koo la ua, ambalo urefu wake ni sentimita 7 hadi 12. Nyuki wa kawaida hawezi kuifikia nekta, ule utamu wa ua, iliyo chini kabisa. Nondo akahamia tumba la pili lililokuwa limefunguka bila sisi kuliona.

Kesho yake, jua lilipochomoza, yote yalikuwa yamesinyaa.

Kwa miaka mingi niliamini Shangazi alinifundisha subira usiku ule, au kwamba kizuri hakidumu. Niliwahi hata kulisimulia hivyo mbele ya watu, kwa sauti ya mhubiri. Nilipomuuliza mwenyewe, alicheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, nilitaka kuliona ua. Ila gizani kule nyuma nilikuwa naogopa kukaa peke yangu."