Fine, na nukta yake

Siku ya nne leo na bado naisoma. Herufi nne na nukta.

Jumapili usiku nilimwandikia Kitinda: "Mwanangu, nauli ya Desemba imetushinda, nimeuliza kote. Kaa huko huko, uje Juni." Tiki za buluu zikatokea palepale. Kikafuata kimya cha dakika kumi hivi, ndipo likaja jibu: "Fine."

Si "sawa mama". Si "poa". Huyu ndiye mtoto ambaye tangu aende Leeds hunikosoa nikichanganya lugha. Na nukta haijui kabisa. Ujumbe wake huja umeungana mwanzo mwisho kama behewa za mizigo, hata kama amesimulia mambo sita. Mara hii kaweka.

Nikampa Baba Kitinda simu asome. Kaisoma, kanirudishia. "Si kakubali? Fine maana yake nzuri." Akarudi kwenye mpira wake.

Ningekuwa na kazi nyingine ningelala. Lakini mfasiri neno likimkwama halishuki hata kwa chai, na hili wiki hii limenipitia mezani likiwa na sura tofauti kila mara. Katika mkataba wa ujenzi niliokuwa naufasiri (kurasa 90, nimeumaliza Jumanne, Mungu ni mwema) kuna "fine" ya mchanga, yaani laini, wa chembe ndogo. Kurasa chache mbele kuna "fine" ya kumwaga kifusi barabarani. Hiyo haina shida, tuliipokea zamani tukaiita faini, ukishindwa kulipa unaenda ndani. Halafu kuna ya hali ya hewa: Mwingereza akisema siku ni "fine", hakuna mvua, akisema mvua yenyewe ni "fine", basi ni rasharasha, utalowa. Neno moja, na mwavuli huujui uubebe au uuache.

Usiku wa Jumatatu nikaamka kuchimba. Kumbe ile nzuri na ile faini ni ndugu wa baba mmoja, Kilatini "finis", mwisho. Nzuri ni kitu kilichofikishwa mwisho wake, kimekamilika. Faini ni fedha ya kumaliza kesi. Na huko Uingereza, toka 1195 mpaka 1833, maafikiano ya ardhi mahakamani yaliitwa "fine": waliyaandika mara tatu kwenye ngozi moja, wakaikata kwa mstari wa mawimbi, kila upande ukachukua chake na kipande cha chini kikabaki mahakamani. Atakayeleta cha kughushi, mawimbi hayatalingana.

Nilipaswa kulala. Badala yake nikawa najiuliza Kitinda kanipa ipi. Nzuri? Faini? Au ile ya mwisho, ya kufunga shauri? Nikaisoma kwa sauti yake ya upole, nikaisoma kwa sauti yake ya hasira, nikaisoma bila nukta kwa kuifunika kwa kidole gumba. Ukiifunika inapoa kabisa. Ukiondoa kidole, inarudi.

Jana tulikwenda Muheza kumzika shemeji. Wanawake wa jikoni wakanipa mbuzi nikune nazi, na nilipokaa tu juu ya kile kibao, nikamwona mama yangu.

Mwaka 1991, uani kwetu Pangani, anakuna nazi ya mchana. Nikamwambia nimepata nafasi ya chuo Dar, naondoka Jumamosi. Hakuinua macho. "Haya," akasema, akaendelea kukuna. Akakuna mpaka nyama ikaisha, akakuna kifuu chenyewe, na mchana ule tulikula wali wenye vijiti vyeusi na hakuna aliyethubutu kusema kitu.

Haya. Nipe mteja mwenye haraka aniambie niitafutie neno moja la Kiingereza. Haya ya nimekubali, haya ya fanya unavyotaka, haya ya inuka twende, haya ya kuona aibu, na haya ya mambo haya. Sijui ipi ilikuwa ya mama, na nimetembea nayo miaka yote hii bila kumuuliza. Mwaka huu anatimiza sita kaburini. Nilikuna nazi ya watu wa Muheza huku nacheka peke yangu, wenzangu wakadhani ni uchungu wa msiba, wakanipokonya mbuzi, wakaniletea maji.

Jioni hii nikampigia Kitinda.

"Mama, nilikuwa naingia zamu! Niliandika lile lililotangulia kidoleni."

"Na nukta?"

"Nukta gani?"

"Ile ya mwisho."

"Mama jamani. Simu inajiwekea yenyewe."

Tukacheka. Kicheko chake kilichelewa kidogo, lakini mtandao wa huku nao mnaujua. Akauliza Juni embe zitakuwepo? Nikamwambia hapana, mwanangu, Juni ni machungwa. Kanyamaza, kisha akasema, "Haya."

Kingine ni mnazi wa jirani. Tangu upepo wa Ijumaa umeinama zaidi upande wetu. Leo nimehesabu madafu kumi na moja, yote yanaelekea kwenye tangi la maji, na jirani amesafiri.