Siku yangu moja gerejini: kuwasha V8 kwenye MG ya mwaka 1972

Saa 12:30 asubuhi. Nje bado giza. Februari ya Coventry haina huruma na mtu wa Dar. Nakunywa chai ya rangi, nakula mkate, natia overoli kwenye mfuko wa plastiki maana mke wangu ameshaapa kwamba harufu ya petroli haitaingia tena kwenye gari lake. Gari lenyewe ni Yaris. Watu wakisikia kazi yangu ni magari ya kale ya Kiingereza yaliyoongezwa nguvu, wanadhani naenda kazini na Jaguar. Sina hata moja ya haya magari, na kwa mshahara huu msinisubiri.

Saa 2:00 nafungua banda. Baridi ndiyo msimu wetu. Barabara zikianza kumwagiwa chumvi, wenye magari haya wanayaondoa njiani, kwa sababu chumvi na bodi za miaka ya 60 na 70 hazikai pamoja. Kwa hiyo miezi hii wanatuletea sisi, na wote wanataka gari liwe tayari jua likitoka. Leo tuna Mini inayosubiri injini ya Honda, Ford Popular ya jamaa anayependa tairi pana kuliko gari lenyewe, Escort Mk1, na ile MG ya 1972, MGB GT ya rangi ya chungwa ambayo ndiyo itanila siku nzima.

Hiyo Escort ndiyo inayonipa heshima hapa. Wazee wakija kuiona na kusikia nimetoka Afrika Mashariki, wanataka kuzungumza Safari Rally, na hasa mwaka 1972, Hannu Mikkola alipoishinda akiwa na Escort RS1600. Mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini mtaa wa Gerezani kule Dar, nilikojifunzia ufundi, hukosi mzee wa kukusimulia. Na ukiitazama vizuri, RS1600 ni kazi hii hii: bodi ya gari la kwenda sokoni, ndani yake injini ya Cosworth yenye valvu 16. Kiwanda cha Ford kilifanya kwa leseni na wakubwa wakaita uhandisi. Tukifanya sisi tunaambiwa tunachezea magari.

Saa 3:00 mpaka saa 5:00 ni nyaya, klipu na mipira ya maji. Sina cha kusimulia hapo.

Niseme kidogo juu ya injini, ili muelewe kilichofuata. Tunafunga V8, yaani injini ya silinda nane, ya Rover, lita 3.9, tuliyoitoa kwenye Range Rover iliyokuwa imeoza chasisi. Fundi yeyote wa Land Rover huko nyumbani anaijua sauti yake. Asili yake ni Marekani: Buick waliitoa mwaka 1961, wakaitupa baada ya miaka michache, Rover wakanunua haki na kuanza kuiweka kwenye magari yao mwaka 1967. Uzuri wake ni aluminiamu, bloku na hedi zote mbili. Ndiyo maana silinda nane hazilemei pua ya MGB kuliko ile injini yake ya awali ya silinda nne, chuma kitupu, lita 1.8, nguvu za farasi 95. Bwana mmoja, Ken Costello, aliliona hilo kabla ya kiwanda, akawa anauza MGB za V8. Kiwanda cha MG cha Abingdon kikamfuata mwaka 1973, kikatengeneza 2,591 tu, mwaka 1976 kikaacha.

Mtu wa nje anadhani kazi ni kutoa injini ndogo na kushusha kubwa. Kushusha ni asubuhi moja, na winchi ndiyo inayofanya. Kazi yenyewe ni pale injini inapokuwa imekaa na kila kitu kingine kinakataa. Bomba za eksozi zinagombania nafasi na shafti ya usukani, kwa hiyo tumetoboa kuta za ndani za mabawa zipite huko. Difu ya awali ni ya uwiano wa 3.9, ukiiacha injini itapiga kelele barabara kuu kama inafukuzwa, tumeweka ya 3.07, ile waliyotumia kiwandani kwenye V8. Rejeta, feni, shafti ya nyuma, klachi, vyote vipya. Na boneti. Costello boneti zake zilikuwa na nundu. Kiwanda kikaepuka nundu kwa kuzipeleka kabureta mbili za SU nyuma ya injini. Mteja wetu hataki nundu, na hataki SU, anataka kabureta moja ya Kimarekani yenye koo nne. Basi nimechukua udongo wa kuchezea watoto, nikaubandika juu ya chujio la hewa, nikafunga boneti taratibu, nikafungua, nikaupima ulivyobonyea. Milimita sita zimebaki. Zinatosha, ila injini ikitikisika sana hazitoshi, kwa hiyo mpira wa kushikilia injini nao ukabadilishwa. Hayo yote huyaoni ukifungua boneti. Utaona injini tu, utasema mbona imekaa vizuri.

Saa 5:30 akaingia mwenye gari. Hakuwa na miadi. Ameshika simu tayari inarekodi.

"Leo inawaka?"

Nikamwambia leo inawaka, lakini si sasa. Akavuta stuli akakaa.

Pampu ya oili ya injini hii iko mbele, ni gia mbili ndani ya kava, na ikikaa kavu haivuti. Dawa yake ni ya kizamani: unazijaza gia mafuta ya mgando, yale yale ya kujipaka, ndipo ipate kitu cha kushika na kuanza kunyonya. Kisha kabla ya kuweka distribyuta unaingiza chuma kirefu kwenye tundu lake, unafunga drili, unazungusha pampu nayo mpaka presha ipande. Mwanafunzi wangu, kijana aliyezaliwa hapa hapa lakini mama yake ni wa Unguja, ndiye aliyeshika drili. Mimi nimeinamia geji.

"Anko, mbona haipandi?"

"Subiri."

"Anko, drili inapata moto."

"Subiri nimekwambia." Halafu drili ikaguna, ikawa nzito mkononi mwake, na mshale ukanyanyuka.

Mteja akaja kuchungulia. Paundi 35 za presha. Akasema kwenye gari lake jingine presha ni 60, huoni hii injini imechoka? Nikamweleza kwamba V8 ya Rover ndivyo ilivyo, haina presha kubwa, kitabu chake chenyewe kinataja 30 hadi 40. Akaniambia mtandaoni wamesema vingine. Huyu ndiye aliyewahi kuniuliza kwa nini tunamtoza saa nyingi wakati kaona video watu wamefunga V8 kwa dakika 20.

Nikaendelea. Distribyuta ndani, waya za plagi kwa mpangilio wake. Kijana nimemfundisha autaje kwa sauti anapozichomeka: moja, nane, nne, tatu, sita, tano, saba, mbili. Mipira ya petroli aliyoleta mteja mwenyewe, aliyoinunua kwa bei ya kutupa, nilishaikataa wiki iliyopita. Tangu 2021 petroli ya kawaida hapa Uingereza ina ethanoli mpaka asilimia 10, na mipira ya kizamani inalika nayo mpaka inavuja. Juu ya eksozi ya moto. Aliona namwongezea gharama.

Tulipofika kwenye kupiga stata, adhuhuri ilikuwa imeshaingia na sijaswali. Kizima moto mkononi kwa kijana, milango wazi, baridi yote ndani. Stata ikazungusha mara mbili, ikapiga chafya kwenye kabureta, nikaisogeza distribyuta kidogo kwa mkono, ikashika. Zote nane kwa pamoja. Nisiwafiche, hapo mwili ulinisisimka. Nimeshawasha nyingi na bado unanisisimka.

Sasa kasheshe. Injini hii ina kamshafti mpya, ile shafti inayofungua valvu, na tapeti mpya zinazosukumwa nayo. Ikiwaka mara ya kwanza, lazima ukae kwenye mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika, dakika 20 mfululizo, bila kuiachia. Kamshafti inapata oili inayorushwa na krenki, na krenki ikizunguka polepole hairushi ya kutosha. Ukiiachia ingurume taratibu dakika hizo za mwanzo, kamshafti ya pauni mia kadhaa inaanza kulika kabla gari halijatoka mlangoni.

Mteja anataka ingurume taratibu. Maana ndiyo sauti nzuri ya video.

"Iachie kidogo tu."

Nikatikisa kichwa.

"Sekunde kumi!"

Nikatikisa kichwa. Akazunguka upande wa pili akamwambia kijana aniambie. Kijana akajifanya hasikii, Mungu ambariki. Akarudi, akapiga kelele sikioni mwangu kwamba gari ni lake. Nikamnyooshea kidole saa ya ukutani, imebaki dakika 11. Mkono wangu kwenye waya wa mafuta, macho kwenye geji ya joto, moshi wa rangi mpya ya eksozi unaungua na kunichoma macho, kiuno kimeinama tangu tuanze. Akaona anipigie hesabu pale pale: kama injini ina nguvu karibu mara mbili ya ile ya zamani, kwa nini tumemwandikia pia breki? Breki zilizopo zinafanya kazi. Nikamwambia kwa sauti ya juu kuliko injini kwamba hata kiwanda kilipoweka V8 kilizidisha unene wa diski za mbele, na hakikuweka kwa kupenda. Akasema atafikiria. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini kabisa ambayo sijui niliisikiaje, kama kuna ulazima wa kuwaambia watu wa bima.

Nikamwambia upo. Na DVLA, ofisi ya kusajili magari, nao lazima waandike injini mpya kwenye karatasi za gari, na sisi hatutoi gari bila hilo. Akanuna. Dakika zikaisha, nikaiachia taratibu, akapata video yake, akaondoka bila kwaheri.

Baada ya hapo saa sizijui vizuri. Niliswali stoo nimechelewa, nikala wali baridi nimesimama. Tulimwaga oili ile ya kwanza na kukata chujio kuangalia vipande vya chuma, hakuna, ni ute tu wa mafuta ya mgando. Tuliilaza Mini. Bolti moja ya eksozi ya Escort ilinishika mpaka magharibi. Vidole vyangu havikunjiki vizuri jioni, na hapa spana ni za inchi, nusu na tisa ya kumi na sita, kwa hiyo hata akili inachoka.

Niko kitandani simu inalia. Ni yeye. Ametuma ile video, watu wake wameipenda sana. Anauliza, je, injini ya lita 4.6 ingeingia mle?

Nimemtumia bei ya breki.