Kutoka Hoxne hadi chumba namba 49: safari ya sarafu zilizokatwa ukingo

Treni kutoka Liverpool Street, stesheni ya London, hufika Diss kwa saa moja na nusu hivi. Kutoka hapo nilichukua teksi hadi Hoxne. Ni mashamba matupu ya Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Novemba 1992 mtu aliyekuwa akisaka nyundo iliyopotea, kwa kifaa cha kutambua madini ardhini, aliangukia hapa sarafu za Kirumi, jumla 14,865. Kwa bahati alisimama, akaita wataalamu wachimbe. Nyundo nayo ikapatikana!

Sarafu zenyewe ziko London, British Museum, chumba namba 49, ghorofani, kiingilio bure. Dhahabu 569, shaba 24, zilizobaki fedha. John Kent, mtaalamu wa sarafu, alianza kazi katika makumbusho haya 1953, akaongoza idara ya sarafu 1983 hadi 1990. Juzuu lake la 10 la Roman Imperial Coinage, orodha ya sarafu za makaisari wa Kirumi, linaloanzia mwaka 395, lilitoka 1994, akiwa ameshastaafu. Ukisimama mbele ya kabati hili unaelewa kwa nini kazi ya namna hiyo hula umri wa mtu.

Angalia ukingo kabla ya sura. Sarafu nyingi za fedha zimekatwa pembeni, kichwa cha kaisari kikaachwa kizima. Tatizo ni kwamba jina la mji ilikofuliwa sarafu huwa chini kabisa, upande wa nyuma: TRPS ni Trier, MDPS ni Milan, LVGPS ni Lyon, na PS ni alama ya fedha iliyosafishwa. Mkasi huanza na herufi hizo hizo. Hapo unarudi upande wa kichwa: jina la kaisari likisalia -DIVS ni Arcadius, -RIVS ni Honorius.

Kushika sarafu kwa utafiti ni kwa miadi. Ishike ukingoni, juu ya kitambaa laini, taa ikipiga kutoka upande mmoja ili herufi zilizolika zitoe kivuli. Tumia mizani kama ya sonara, isome hadi gramu 0.01: dhahabu iwe karibu 4.5, fedha nzima karibu 2. Za shaba usizioshe kwa ndimu wala siki. Asidi huondoa kutu pamoja na maandishi.

Vipande vilivyokatwa yaelekea vilifuliwa tena kuwa sarafu za kuiga. Zaidi ya 400 za kuiga zimo humo humo Hoxne, na kiasi cha madini ya fedha ndani yake hakikupunguzwa. Kinachozifichua ni mkono wa mchongaji.