Nilivyojenga kundi la sungura wasioshikwa ovyo na magonjwa

Nikimshika sungura, kwanza natazama miguu ya mbele, upande wa ndani. Mwenye mafua hujipangusa pua hapo, kwa hiyo hata ukimkuta pua kavu, manyoya ya miguuni yatakuwa yameshikamana na kukakamaa. Hiyo mara nyingi ni kazi ya pasturela, bakteria ambao sungura wengi huishi nao puani bila kuumwa, mpaka azae au ahamishwe ndipo ugonjwa unaibuka.

Antibiotiki hukausha makamasi, lakini bakteria wenyewe mara nyingi hubaki, na jike huwaambukiza wanawe wakiwa bado kiotani. Kwa hiyo niliweka sheria: sungura aliyeugua mafua anatibiwa ili asiteseke, ila hazalishwi tena. Sheria hii iliniuma sana, kwani iliniondolea majike wenye maziwa mengi na malezi mazuri.

Kazi kubwa ilikuwa ya daftari. Kila jike ana ukurasa wake: amezaa wangapi, wameachishwa kunyonya wangapi, wamekufa wangapi na kwa nini. Mtihani mkubwa huja wakati wa kuachishwa na wiki chache baadaye, maana hapo ndipo koksidia, vimelea vya tumboni, huwaharisha na kuwaua watoto. Simchagui mtoto kwa unene wake. Natazama ndugu zake, kwani aliyenawiri kwenye uzao uliokufa nusu huenda alibahatika tu.

Kwa madume nina ukali zaidi, kwa sababu dume mmoja hutapakaza damu yake kundi zima. Dume anayetoka vidonda vya nyayo wakati wenzake kwenye sakafu ileile ya waya wako salama, simbakizi. Manyoya manene ya nyayo, ambayo huzikinga na vidonda hivyo, hurithiwa.

Yote haya yanahitaji banda lenye hewa. Amonia ya mkojo huunguza pua na mapafu, na banda likinuka hutajua aliyeshindwa ni sungura au ni wewe mfugaji. Sungura mgeni namtenga mwezi mzima kabla ya kumsogeza karibu na wenzake.

Kuna magonjwa ambayo siyaachii uteuzi huu wa wazazi peke yake. Australia ilipoachia virusi vya miksomatosi, ugonjwa hatari wa sungura, mwaka 1950 ili kupunguza sungura wa porini, walioambukizwa mwanzoni walikufa karibu wote, na ustahimilivu ulijengwa na vizazi vya wale wachache waliobaki. Mfugaji mdogo hana sungura wa kupoteza kiasi hicho. Kwa magonjwa ya virusi yenye chanjo, nachanja.