Jeki ya tela iliyokuwa ikizama mchangani Kigamboni

Tela yetu ya kuuzia chakula ilikuwa inainamia mbele kila tukiiegesha Kigamboni. Kigurudumu cha jeki, ule mguu wa kuzungusha unaoshikilia mbele ya tela, kinadidimia mchangani, na mpini mgumu kuzungusha. Tuliweka mbao, zikapasuka. Grisi ilisaidia kidogo tu.

Kilichotatua ni kupima kabla ya kununua. Tela ikiwa imepakiwa kila kitu, pamoja na mitungi ya gesi na madumu ya maji, tuliegemeza shingo yake, yaani chuma cha mbele kinachofungwa kwenye gari, juu ya mizani ya magunia: kilo 140. Kwa kawaida uzito wa shingo huwa asilimia 10 hadi 15 ya tela nzima, ila jiko likikaa mbele unaongezeka, kwa hiyo msikadirie, pimeni. Kisha tukapima kimo kutoka ardhini hadi juu ya ule mpira wa chuma wa kuvutia tela nyuma ya gari. Hapa ndipo penye siri yenyewe: jeki lazima iinue shingo hadi ipite juu ya mpira, hata mguu wake ukizama kidogo.

Eneo la Gerezani, Dar es Salaam, tukapata jeki yenye uwezo wa kilo 500, ndefu, yenye mguu bapa badala ya kigurudumu. Chini yake tunatanguliza bamba pana la chuma. Sasa tela inakaa sawa, na mafuta ya chipsi hayaelemei upande mmoja wa karai.