Nilivyofunga mirathi ya baba Moshi, na wanasheria wa kijiweni walioninyima usingizi

Baba alipofariki, Kibosho nzima iligeuka wakili. Alinishauri dereva wa bodaboda, akanishauri muuza majeneza, akanishauri na mzee mmoja ambaye kesi yake ya mpaka inamshinda mwaka wa ngapi sijui. Leo mirathi imefungwa, kila mtu ana chake, na wakili hakula hata senti yangu. Wacha nijisifu kidogo.

Kikao cha ukoo kilinipendekeza mimi niwe msimamizi wa mirathi. Mimi, binti niliyeolewa! Baba mdogo akaweka kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, chini. "Mwanangu, sina ugomvi na wewe, lakini kihamba cha ukoo, shamba la migomba tuliloachiwa na wazee, hakiwezi kwenda kwa wakwe zako."

Nikamuuliza, "Baba mdogo, harusi ya mwanao mweka hazina alikuwa nani?"

"Mwalimu."

"Ile michango ilikuwa ya mwalimu?"

Watu wakacheka, naye akacheka kwa kujilazimisha. Msimamizi wa mirathi ndiye huyo mwalimu. Anakusanya mali ya marehemu, analipa madeni, anawagawia warithi, kisha anatoa hesabu. Mrithi ndiye mwenye haki ya kupata. Unaweza kuwa vyote viwili kama mimi, lakini usimamizi hauongezi fungu lako hata kwa mche mmoja wa kahawa. Ukoo nao haumteui mtu, unapendekeza tu. Mwenye kuteua ni mahakama. Ndiyo maana kaka alipokwenda benki na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao, alirudishwa. Wanataka barua ya usimamizi yenye muhuri wa mahakama. Kaka alirudi amevimba, akatangaza hadi Mbuyuni kwamba pesa za baba zimeliwa.

Kuna waliosema niende moja kwa moja Mahakama Kuu, kwa kuwa Moshi ipo. Kwa mali gani? Baba aliishi kimila kihambani kwake, hakuacha wosia, na mirathi ya kimila au ya Kiislamu inafunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Huko kila kitu ni Kiswahili. Fomu nilijaza kwa msaada wa msaidizi wa kisheria wa kata yetu. Hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na huduma yao ni bure, kwa hiyo ukikutana na kishoka getini anayekudai "ya kuandikia", mpite kama humuoni. Ada zenyewe zilikuwa ndogo. Pesa yangu iliishia kwenye nauli, fotokopi na soda za wadhamini.

Hao wadhamini walinitoa jasho. Mume wa shangazi alikataa katakata, eti hataki kulala mahabusu kwa ajili ya shemeji aliyekwisha kufa. Nilimweleza taratibu. Mdhamini wa kesi ya jinai anaahidi kwamba mshtakiwa atarudi mahakamani. Mdhamini wa mirathi anaahidi kwamba msimamizi hatatafuna mali, na akitafuna, mdhamini anaweza kudaiwa. Akafikiri sana, akasema, "Kwa hiyo wewe usitafune." Akasaini.

Kisha likaja lile karatasi la wito wa mahakama. Kaka yetu wa mama mwingine aliweka pingamizi, akidai yeye ndiye mkubwa na usimamizi ni wake. Shangazi alikuwa anakata majani ya ng'ombe alipomwona kijana wa mahakama akiteremka na balozi wa nyumba kumi. Aliingia migombani na mundu wake mkononi, kanga ikabaki imening'inia kwenye mti wa kahawa, akajibanza huko hadi jua linazama. Kijana anaita, "Mama, ni wito tu!" Shangazi anajibu kutoka migombani, "Hayupo!"

Jioni nilikaa naye jikoni. Wito si hati ya kukamatwa. Mahakama inakwambia kuna shauri, njoo siku fulani usikike. Ukilikimbia, karatasi linaweza kubandikwa mlangoni, na shauri likasikilizwa upande mmoja, yaani wa aliyefika. Na hapa hakuna mshtakiwa, mshtakiwa ni wa jinai. Kwenye madai kuna mdai na mdaiwa, na kwetu mirathini kuna mwombaji na aliyeweka pingamizi. Pingamizi ni mtu kusema: kabla hamjamteua huyu, nisikilizeni. Basi. Mtaani walishatangaza kwamba mirathi imekufa.

Siku ya kusikilizwa shangazi alitoa ushahidi vizuri kuliko sisi sote. Alitaja watoto wote wa baba, wa mama zote mbili, mmoja baada ya mwingine, huku hakimu akilinganisha na orodha niliyowasilisha. Jina la kaka aliyeweka pingamizi lilikuwemo, la pili kutoka juu. Pingamizi likatupwa, nikateuliwa.

Kuanzia hapo ni kazi ya kalamu. Kanuni zinatoa miezi minne kupeleka fomu namba 5, ya mali na madeni. Madeni ni pamoja na la duka la mbolea, ambalo wote walijifanya hawalijui. Fomu namba 6 ndiyo hesabu. Tunza kila risiti, hata ya kamba ya kufungia mbuzi, maana kuna shemeji atakayeuliza.

Kaka huyo wa pingamizi bado anatamba kwamba atakata rufaa. Rufaa ni kuiomba mahakama ya juu ipitie uamuzi. Kutoka Mahakama ya Mwanzo unakwenda Mahakama ya Wilaya, ndani ya siku 30. Zikipita, unaanza kwa kuomba kuongezewa muda, na lazima utoe sababu ya maana ya kuchelewa. Zake zilishapita kitambo. Kijiweni wamemwambia rufaa haina muda, na safari hii sijamsahihisha mtu.